Mwalimu wa Kiingereza Likasi na mwanafunzi aliyemwonea haya mama mkwe

Saa kumi na moja jioni, katika ukumbi mdogo wa parokia mjini Likasi, Mwalimu Laure Kabedi anasimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akimtazama kijana wa benchi la nyuma.

"Chadrack, sema. Weye njo unafuata."

Zamu ni yake, lakini Chadrack anainamisha kichwa. Jumatatu fundi umeme huyu ana usaili wa Kiingereza katika kampuni moja ya madini upande wa Kamatanda. Akiikosa kazi hiyo, atarudi kwenye vibarua, leo anapata, kesho anakosa. Na tangu aanze darasa hili hajatamka hata salamu ya Kiingereza.

Laure, mwenye miaka arobaini na mmoja, hufundisha sekondari asubuhi na watu wazima jioni. Mshahara wa shule huchelewa, kwa hiyo darasa la jioni ndilo linalomlisha. Wanafunzi wake ni wachimbaji, mafundi na wachuuzi. Kutwa wanapiga kelele sokoni na kazini, lakini waombe sentensi moja ya Kiingereza uone, wote mabubu!

"Banaogopaka kuchekwa," aliniambia kabla ya darasa, nilipokuja kumtazama akifundisha. "Kwangu, muntu akikosea, namupigia makofi. Mwenye anacheka, njo yeye anafuata kusema. Basi, banasema."

Dawa hiyo iliwafaa wote isipokuwa Chadrack. Laure akamwongezea maneno ya kukariri, akamwazima kitabu. Wapi! Akadhani kijana ni mzito wa kichwa, jambo ambalo leo linamfanya ajicheke.

Juzi, baada ya darasa, Laure alimfuata nje kumuuliza sababu.

"Madame, pardon," Chadrack akamwambia. "Ule mama wa mbele ni mama ya bibi yangu. Ni mukwe wangu. Nitakosea namna gani mbele yake?"

Mama huyo ni Émilienne, muuza vitenge anayejifunza Kiingereza kwa ajili ya safari zake za Zambia. Kwenye familia nyingi za huku, mama mkwe humtazami usoni wala huli mbele yake, sembuse kubabaika mbele yake kama mtoto mdogo.

Laure hana ukumbi mwingine wa kuwatenganisha. Kupata wa pili ndiyo ndoto yake ya mwaka huu. Kwa hiyo jana alikwenda sokoni akamweleza mama mwenyewe.

Sasa Mama Émilienne anainuka. Anaburuta kiti chake hadi karibu na ukuta, anakaa akiutazama, anajifunika kitenge kichwani.

"Miye siko hapa," anatangaza. "Ni paka masikio, masikio tu."

Darasa linaangua kicheko mpaka Laure anagonga ubao. Kisha, bila kugeuka, mama anauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga: kwa nini tukupe kazi?

Chadrack anasimama. Kiingereza kinatoka kimevunjika, lakini kinatoka. Anajua umeme. Haogopi kazi ngumu. Kisha anaongeza: nina mke, mama yake aliniozesha nikiwa sina kitu, nami sitaki ajute.

Hakuna anayecheka. Laure amesahau hata kupiga makofi.

"Kazi sijue kama batamupa," ananinong'oneza. "Lakini Jumatatu atasema. Ile njo nilitaka."

Mama Émilienne anajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Halafu, kwa Kiingereza, akiwa bado ameuelekea ukuta, anamjibu mkwe wake: sijajuta.