Masizi Shavuni

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Masumbwe, mama mtu mzima, aliingia uani kidole kimeshachovywa kwenye masizi na samli, akamchora binti yangu duara jeusi kwenye shavu lililovimba. "Tulia, Mama Neema. Matubwitubwi hayo." Nikampa shikamoo kwa mazoea, kisha nikawaka. Ila ile harufu, ndugu yangu, ilinirudisha kwa bibi, kijijini nje ya Shinyanga, kabla sijamaliza kufoka.

Kule kuvimba shavu kulikuwa raha. Mgonjwa hachungi, hachoti maji. Analala kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na jiko, anamumunya matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, yaliyoloweshwa kwenye maziwa, maana taya halifunguki. Jioni ng'ombe wanarudi na vumbi lao na kengele, binamu wanachungulia mlangoni, "Chura, umeamkaje?" naye anawatolea ulimi. Bibi alipaka masizi taratibu kama anayesiriba ukuta, nasi tulijiona warembo.

Lakini bibi hakukurupuka. Kwanza alikupa ukwaju. "Nyonya, ng'wana wane, mwanangu." Ukiruka kwa maumivu chini ya sikio, alijua ni matubwitubwi, akacheka, ukapakwa. Ukinyonya tu kama pipi, kicheko kilikatika. Alikupeleka mlangoni penye mwanga, ukapanua mdomo, akabonyeza fizi kwa kidole chenye ladha ya tumbaku. Akikuta jino bovu, ulipakiwa kwenye baiskeli ya babu mpaka zahanati, lia usilie. "Usaha mimi siuwezi," alisema. "Huo una wenyewe."

Jirani yangu hakumpanua mtoto mdomo. Mume wangu naye anasema, "Subiri, itashuka yenyewe." Itashuka saa ngapi, na jicho lilishaanza kuzibika? Mtoto anachemka, hata mate hamezi. Nilimfunga kanga, nikaita bodaboda, nikawaacha wamesimama uani.

Hospitali wakasema ni jipu la jino, na uvimbe unapanda kuelekea jichoni. Wakamlaza, wakamchoma sindano za dawa, wakatoa usaha na kung'oa jino. Daktari akaniambia tungengoja zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimfuta yale masizi kwa kitambaa.

Sasa amepona, anakula mihogo na kelele zake zimerudi. Jana jirani alileta uji, akamshika kidevu, akatabasamu. "Si unaona, Mama Neema? Masizi yamesaidia."

Niliupokea uji. Anampenda mwanangu kweli, kama bibi alivyotupenda sisi. Ila siku tulipomzika bibi, naona na ile tabia yake ya kuangalia kwanza tuliifukia humohumo. Tumebaki na kupaka.