Niliunganisha printa kwa switch, Mama Bura akaacha kuitikia shikamoo yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Leo sina siasa wala mapenzi, nina uzi wa printa. Haya yamenikuta mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari moja upande wa Mogitu, Hanang. Asubuhi nyingine ukungu unashuka mlimani hadi madirishani. Unasikia kengele za ng'ombe wanaopita lakini ng'ombe wenyewe huwaoni. Mahali kama hapa, mtu mwenye tabia ya kuota mchana, kama mimi, anaota kweli kweli.

Ndoto yangu ilikuwa ndogo. Nikae mezani kwangu, nibonyeze print, karatasi itoke.

Maana printa ilikuwa moja, imechomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya Mama Bura, katibu muhtasi wetu. Huyu mama yuko pale tangu enzi za taipureta na amebakiza miaka miwili astaafu. Ukitaka ku-print unavuka uwanja na flash yako. Unatoa shikamoo. Anaitikia, anauliza habari za nyumbani, mvua, ndama. Ndipo anafungua kazi yako na kuisoma yote, mstari kwa mstari, kabla ya kubonyeza. Nusu saa imekwenda, na flash imerudi na virusi.

Tulipopata kompyuta nyingine tatu, nikamwomba headmaster switch ya port nane na roll moja ya cable. Akakubali.

Kwa wasioijua, switch ni kiboksi chenye matundu. Kila kompyuta inaleta waya wake pale, printa nayo inaleta wa kwake, basi zote zinaonana. Haitaki bando, kwa hiyo internet ikikata wewe una-print tu. Wala husubiri kompyuta ya mtu fulani iwashwe. Printa yetu ilikuwa na tundu la network miaka yote, limejaa vumbi tu. Nikaipa IP isiyobadilika, yaani anwani yake ya kudumu kwenye network, ili umeme ukikatika na kurudi kompyuta zisianze kuitafuta upya. Nyaya za kuvuka uwanja nikazipandisha kwenye nguzo, ng'ombe wanaokatiza pale wasizikwae.

Printa nikaihamishia staffroom, walimu tulipo wengi. Mama Bura akaniuliza, kwa upole tu, "Sasa mtakuwa mnakuja kufanya nini huku?"

Nikacheka. Nikamwambia atapumzika.

Siku ya kwanza, wakuu, nilikaa nikaangalia zile taa za kijani za switch zikiwaka na kuzima. Mwalimu wa Kiswahili alituma kazi kutoka ofisi ya taaluma, karatasi ikatoka mbele yangu ikiwa bado ya moto. Nje upepo unavuma, ukungu umeziba kila kitu. Nilijiona niko ndotoni na sitaki kuamshwa.

Wiki ya pili nikakutana na Mama Bura getini. Nikampa shikamoo. Akatazama mlima, akapita.

Kesho yake hivyo hivyo.

Huku kwetu mkubwa asipoitikia salamu yako unaanza kujikagua umemkosea nini. Nikamuuliza Mwalimu Gidamis, mwenzangu anayetoka kwenye familia ya wafugaji wa Dirma. Aliniangalia kama mwanafunzi aliyefeli hesabu rahisi.

"Tangu uhamishe printa, nani ameingia ofisini kwake?" akasema. "Kwetu mzee akikaa siku nyingi hajasalimiwa, anajua watu wamehama na yeye wamemwacha."

Nikasema nitaenda kumwona. Sikwenda, niliona aibu.

Wiki hiyo hiyo mtihani wa Jiografia ukatoka na swali la sita mara mbili. Zamani ungekwama kwa Mama Bura.

Ijumaa asubuhi niko peke yangu staffroom, printa ikaamka. Sikuwa nimetuma kitu. Karatasi ikatoka polepole, nikajikuta nimeshaisoma. YAH: KUOMBA KUACHA KAZI. Chini yake ameandika, "kwa kuwa kazi yangu kwa sasa inafanywa na waya."

Ilikuwa barua ya Mama Bura kwenda kwa headmaster. Amebonyeza print kule kwake, ikatokea kwangu.

Wakuu, niliumia. Mama huyu ndiye aliyenipokea nilipoletwa shule ile sina hata godoro. Nilikaa kwake mwezi mzima.

Nikaikunja barua, nikavuka uwanja. Nikatoa shikamoo. Kimya. Nikaiweka barua mezani.

"Mama, imetokea kule. Headmaster hajaiona."

"Si ndivyo ulivyotaka? Vyote vitokee kule."

Nikamwambia nimekosa, anisamehe. Akageukia kompyuta yake. Nikatoka.

Hapa ndipo nilipoipenda switch kwa dhati. Ofisini kwake nilikuwa nimepeleka nyaya mbili, mmoja wa akiba. Kuhamisha printa ni kuchomoa huku na kuchomeka kule. IP ni ile ile, kwa hiyo kwenye kompyuta za watu hubadilishi kitu. Mimi na Gidamis tukaibeba hadi mezani kwake, pale pale ilipokuwa zamani. Kila mtu atume akiwa alipo, lakini karatasi ataifuata kwa Mama Bura, na haitoki mlangoni hajaisoma.

Nikataka kutoa test page. Akanizuia, nisiharibu karatasi mpya. Akaichukua barua yake, akaigeuza, akaiweka kwenye trei. Test page ikatoka nyuma ya barua. Akavaa miwani, akaisoma yote, mstari kwa mstari.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haina kosa."

Nilichojifunza: kabla hujawafupishia watu njia, angalia walikuwa wanapita kwa nani. Switch wekeni, faida yake ni kubwa na mimi siirudishi. Lakini ile nusu saa niliyoilalamikia, sasa naifuata mwenyewe kila asubuhi.

Mafundi mnikosoe nilipochanganya mambo. Na nyie wenye network printing maofisini, printa yenu imekaa kwa nani?

Mmemsalimia leo?