Duka la Vitabu Halichagui Mikono

Kuna siku moja inanikereketa mpaka leo, mwanangu, na nitakusimulia nimesimama hivi hivi, maana kukaa kumenishinda. Nilikuwa kijana, nauza vitabu hapa Ujiji katika duka la Mzee Kasongo, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Nilijiona msomi, kumbe mfagiaji tu.

Asubuhi hiyo akaingia mama mmoja kutoka mwaloni Katonga, kule samaki wanakoshushwa. "Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha. Alikuwa ametoka kuanika dagaa, na harufu ilimtangulia. Akachukua kitabu cha hesabu, akataka kukifungua aone kama ndicho alichoagizwa na mwalimu wa binti yake. Nikamnyang'anya. "Kanawe kwanza, mama. Hivi si vya kufungia samaki."

Akaitazama mikono yake, akaifuta kwenye kanga, akatoka. Mimi nikaona nimelinda mali.

Mzee Kasongo alikuwa nyuma ya rafu, amesikia yote. Hakupaza sauti. "Kiburi si maungwana," akasema. "Kitabu kikinuka dagaa, ujue kimepata mwenyewe. Mpelekee."

Nikaenda nacho hadi Katonga, jua la utosi. Nikamkuta ameinama mchangani, anageuza dagaa. Nikamwomba radhi, nikampa kitabu bure. Hakukipokea.

"Mwanangu atasoma kwa kuazima," akasema. "Dukani kwenu sirudi."

Na kweli hakurudi, wala wenzake wa mwaloni. Maji yakimwagika hayazoleki. Aibu ile ninayo bado.

Sasa duka ni langu, nawe ndiye utakayelirithi, na roho yangu haitulii. Nafuta vumbi, naenda mlangoni, narudi. Watoto wanasoma kwenye simu. Sijui kama mwakani tutafungua. Halafu jana nakuta umebandika karatasi: "Usiguse kama hununui." Ala, tuna wateja wangapi hata tuwachague?

Ibandue leo. Anayetaka kufunua kitabu, afunue. Anayetaka kupiga picha ukurasa mmoja kwa simu, mpe kiti. Asiyekuja, mfuate mwaloni na boksi la vitabu, umwamkie kwanza, biashara baadaye. Siwezi kukuapia kwamba duka litapona. Likifa, na life kwa sababu ya nyakati, si kwa midomo yetu. Mungu akuepushe na kiburi nilichokuwa nacho, mwanangu, akuletee japo mtu mmoja kabla ya adhuhuri.