Safu ya Nyuma ya Matofali

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama katikati ya watu wa mtaa wetu nikamwacha mtu mwema aitwe mwizi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sijawahi kuliandika jambo hili. Lakini Bi Chausiku tumeshamzika, arobaini yake imepita, na wewe nasikia umepangiwa zamu ya maji kwenye ujenzi wa madarasa mapya ya sekondari. Basi nisikilize kidogo.

Huku kwetu, mwisho kabisa wa Temeke, wakati huo ilikuwa mihogo, minazi na nyumba za kuhesabu. Shule haikuwepo. Watoto walivuka mto kwenda ng'ambo, na masika mto ukifurika walikaa nyumbani hata wiki nzima. Binti yangu Zawadi alikuwa darasa la kwanza. Asubuhi moja maji yalimbeba hadi kwenye matete, akatolewa hana viatu wala daftari.

Ndipo Bi Chausiku, mjane muuza vitumbua, akatoa shamba lake la mihogo lijengwe shule. Tukamfanya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Halmashauri iliahidi mabati na walimu kwa sharti moja: vyumba viwili vya madarasa viwe vimefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka. Tukishindwa, mabati yangekwenda kwingine, na watoto wetu wangeukabili mto masika mengine.

Fundi Mashaka alifyatua matofali ya saruji, nasi wanawake tukapeana zamu za kuyamwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Tofali bichi lisiponyweshwa hukauka upesi na halishiki. Zamu yangu ikaangukia wiki ya harusi ya shoga yangu, Mbagala. Kisima kilikuwa mbali, na mie nilitaka kuwahi kusukwa na kupakwa hina. Nikamwagilia safu ya mbele tu, ile inayoonekana kutoka njiani. Za nyuma nikazifunika magunia makavu, nikaenda zangu. Nilicheza sana, sikudanganyi.

Siku ya kujenga, Fundi Mashaka akanyanyua tofali la nyuma. Likamvunjikia mikononi. Akachukua jingine, nalo vilevile.

"Fundi, hayo matofali au keki ya harusi?" kijana mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka.

Mzee mmoja hakucheka. "Saruji yetu umeipeleka wapi, Mashaka?"

"Yote imo humo, mzee wangu. Wallahi."

"Mwizi huyo! Twendeni tukapekue kwake!"

Mashaka alikuwa akifanya kazi ile bila malipo, kwa kuwa wanawe nao walivuka mto uleule. Nililijua hilo, na bado nilisimama nikichezea ncha ya khanga yangu. Watu wakaanza kuelekea nyumbani kwake. Mkewe akawatangulia mbio na mtoto mgongoni, analia, anawaomba wasimvunjie mlango. Kilio kile ndicho kilichonifungua mdomo.

"Ni mie," nikasema. "Ya nyuma sikuyamwagilia. Nilikwenda harusini."

Bi Chausiku akanijia, akaishika mikono yangu, akaitazama hina.

"Imekolea," akasema. "Na muda wote huu mwenzio anavuliwa nguo hadharani, ulikuwa unangoja nini?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu hiyo alikuwa anakubebea Mashaka. Mpokee. Umtake radhi, halafu uchukue ndoo."

Nilimtaka radhi mbele ya wote. Akaninyooshea ndoo, akasema, "Lete maji, dada. Tunaweza kuwahi."

Mume wangu alikuwa ameweka mifuko miwili ya saruji kwa ajili ya sakafu yetu. Tuliitoa yafyatuliwe matofali mapya. Majirani walipoona hivyo nao wakatoa ya kwao. Kamba ya kisima iliimaliza hina yangu yote. Siku ya tatu wanawake wenzangu wakaja na ndoo zao bila kuitwa, wakinitania: "Bi harusi, shika kamba!" Linta ilifungwa siku mbili kabla mkaguzi wa halmashauri hajafika, na mabati tukapewa.

Zawadi alifungua mwaka akiwa na miguu mikavu. Vile vyumba viwili vikawa shule nzima. Shule ikajaa, ikazaa ya pili, kisha ya tatu, kisha sekondari, mpaka kengele za shule zikasikika kata yote. Leo Zawadi anafundisha hesabu hapo sekondari. Siku tulipomzika Bi Chausiku, wanafunzi wa shule zote walijipanga kutoka kwake hadi barabara kubwa. Nililia, lakini nilitembea kifua mbele. Na Mashaka, mzee mwenye mkongojo sasa, alipita kwenye kile chumba cha kwanza tulichojenga, akaugonga ukuta kwa kiganja. Akanitazama, akacheka.

Kwa hiyo, mwanangu, zamu yako ikifika anza na safu ya nyuma, kule asikokuona mtu. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajaanza kulipia kosa lako. Mie nilichelewa kwa dakika chache tu, na bado nakisikia kile kilio.

Mungu akupe mikono isiyochoka na ulimi usiokawia kusema kweli. Na siku utakayozikwa, watoto wenye sare wajipange hadi barabarani.