Kigari cha Kabula na Mbwa wa Igogo

Ijumaa, mwezi wa tatu, 1962. Mvua ilinyesha alfajiri kisha ikakatika, ziwa likabaki na rangi ya chai ya maziwa.

Leo nimeaibika mbele ya darasa la pili zima, na kwa kuwa kesho mtaa wetu wote wa Igogo utasimulia kwa namna yake, heri niandike mimi kwanza, ingawa mwandiko wangu ni wa kuungaunga (niliishia darasa la tatu, na lenyewe sikulimaliza).

Binti yangu Kabula miguu yake haikupata nguvu tangu homa ya utotoni. Kusoma nilimfundisha mimi, kwa hayo machache niyajuayo, na Jumatatu akapokelewa shuleni pamoja na watoto wanaotembea, akikaa ndani ya kigari cha mbao alichotengenezewa na jirani yetu Mzee Hamisi, fundi baiskeli. Tabu ilikuwa magurudumu. Kila Kabula akiinama kuandika yanalia, watoto wanacheka, somo linasimama. Jana mwalimu mkuu akaniambia, "Mama Kabula, mtoto ana akili, lakini kelele zile zikiendelea kesho itabidi akae nyumbani." Nisimsingizie, alisema kwa upole, na darasa limejaa kweli.

Dawa ilikuwa grisi ya Mzee Hamisi, pale pale mlango wa pili. Lakini nikaona haya kumsumbua tena mtu aliyetengeneza kigari bila kudai kitu, nikajiambia mafuta ni mafuta, nikachukua yale niliyokaangia samaki wa biashara wiki nzima, nikayamimina yote magurudumuni. Asubuhi kigari kimya kabisa. Nikajisifu.

Mbwa wa kwanza alitupata njiani kwenye mawe, nikamfukuza. Walipokuwa kundi nikaanza kukimbia na kigari, kanga inafunguka, na wale ndege korongo wenye upara wa kule mwaloni, samaki wanakoshushwa, wanaogombania matumbo ya samaki, wanatufuata taratibu kama wazee wanaokwenda msibani.

"Mama, tuna wageni," Kabula akasema.

Nikamwingiza darasani, nikafunga mlango, nikajibanza nje chini ya dirisha nisikilize. Kabula akaitwa asome ubaoni, akaanza vizuri, halafu mbwa wakaingia kwa dirisha lile lile, mmoja akinikanyaga mgongo. Wakawa wanalamba magurudumu na kugombana, mwalimu wa darasa kapanda juu ya kiti (hata mimi ningepanda), nami nikaingia mbio, kiatu mkononi, nikateleza kwenye mafuta yangu mwenyewe, nikakaa chini puu mbele ya meza.

Mtoto wangu hakulia. Alifungua kitambaa cha chakula chake, akarusha samaki nje ya dirisha kipande kimoja kimoja, mbwa wote wakafuata. Kisha akasema, "Mwalimu, nilikuwa nimefika mstari wa tatu," akasoma hadi mwisho bila kukosea, na hakuna aliyemcheka. (Mimi walinicheka, na ni haki yao.)

Mwalimu mkuu akaja, akanisaidia kuinuka. Akauliza, "Kigari bado kinalia?"

"Hakilii, mwalimu," darasa likajibu.

"Basi Kabula anabaki. Wewe mama ndiye utakayekaa nyumbani."

Sijawahi kufukuzwa mahali nikarudi na shingo iliyonyooka namna ile. Nikapita kwa Mzee Hamisi nikamwamkia, nikaomba grisi. Alipouliza ni ya kupaka magurudumu yapi, na nilipomweleza, alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwanangu, ulikuwa unampeleka shule au unamkaanga?"

Nimejiapia kwamba jirani akiwa na kitu nitaomba, na kwamba sitasogelea dirisha lile tena. Hili la pili sina hakika nalo. Labda si kitu, maana mchana wenzake Kabula walimsukuma wenyewe hadi nyumbani, wakibishana nani ashike upande wa kulia, wala hawakuniuliza.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na mlenda, kwa sababu mafuta ya kukaangia yalikwisha kwenye magurudumu. Kabula akasema mlenda ni mzuri, hauiti wageni.