Kile cha Jioni

Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kazi ya utafiti niliiacha kwa hiari yangu, ili nipate muda wa kuandika. Uongo mtupu. Iliniacha yenyewe, kijijini Chwaka, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa sababu ya neno moja nililoliandika kwa mkono wangu (na tangu hapo silitumii tena, hata kwa mume wangu, naye hajalalamika).

Nilikuwa nimerudi mjini na shahada ya uzamivu na kazi yenye jina refu kuliko mshahara wake: mtafiti wa afya kwa njia ya simu na mabadiliko ya tabia. Watu wa mtaani kwetu Mlandege walipoambiwa mimi daktari walinionesha majipu yao. Nikawaambia mimi si daktari wa aina hiyo, wakauliza, basi wa aina gani, na jawabu la maana sijalipata hadi leo. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mashamba, na kazi yangu ilikuwa kuwatumia wagonjwa wa presha ujumbe wa kuwakumbusha vidonge vyao. Jambo ambalo mke yeyote angelifanya bure kwa kupiga kelele kutoka jikoni, sisi tuliliita nadharia.

Sasa, sheria ya utafiti ilikuwa ugonjwa wa mtu usitajwe, maana simu huweza kushikwa na mwengine. Nikafuta "presha", nikafuta "vidonge". Halafu vitabu vyangu vikasema ujumbe uwe na joto la kibinaadamu, nami, msomi, nikaongeza joto. Ukatoka hivi: "Mpenzi, usisahau kile cha jioni. Nakujali." Nikausoma, nikajipongeza, nikautuma kwa wanaume wazima wenye wake zao.

Hakuna aliyelalamika, na hilo nalo nikalihesabu mafanikio. Mzee Haji, mgonjwa wangu wa Chwaka, kwa mfano, hakuwa amemwambia mkewe kuwa ana presha, akichelea kupunguziwa chumvi kwenye mchuzi. Baina ya kukosa chumvi na kushukiwa ana kimada, mzee aliona bora kimada. Nasikia hata alianza kujitia manukato.

Siku wafadhili walipokuja Chwaka, pale skulini, kuamua kama mkataba wangu uongezwe, nilikuwa nimesimama mbele yao nikieleza jinsi tulivyobadili tabia za wanakijiji. Mlangoni akaingia Bi Riziki, mke wa Mzee Haji, na wenziwe wamejaa nyuma yake kama wanaokwenda harusini, kila mmoja na simu ya mumewe mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, maana adabu anayo, kisha akasema:

"Nimesikia nyinyi ndio mnaobadili tabia. Ya mume wangu mshaibadili. Sasa nnataka kujua, kile cha jioni ni kitu gani?"

Wageni wakatabasamu, kwani mkuu wa mradi aliwatafsiria kwamba mama huyu anatoa shukrani. Mzee Haji, kule nyuma, alinitazama kwa macho ya kuniomba. Siri yake nilikuwa nimeiapia. Nikaona nimsitiri kwa uongo mdogo tu.

"Ule ni ujumbe wa mashine, Bi Riziki. Hamna mtu nyuma yake."

"Mashine ndiyo inayomwita Haji mpenzi?"

"Ndiyo, bibi."

(Laini ya mradi ilikuwa bado haijafunguliwa, na kwa haraka yangu ya kupata matokeo nikawa natumia yangu.)

"Haya. Ngoja niiulize yenyewe."

Akabonyeza, akaiweka simu sikioni. Mkoba wangu, juu ya meza ya wageni, ukaanza kulia kwa sauti ya juu kabisa, niliyoiweka ili nisikose simu za wafadhili hao hao, na hapo hawakuhitaji tena kutafsiriwa.

Ukalia, ukalia. Bi Riziki hakukata.

"Pokea basi, mpenzi," akasema.