Alhamisi kwa Mama Wangeci

Harufu ya nduma zinazoanza kuchemka ndiyo inayonirudisha nyuma. Sisemi zilizoiva, hizo zinanukia chakula tu. Nasema zile zilizotoka kutiwa motoni, zimefunikwa kwa jani la mgomba, mvuke ukianza kupenya pembeni na nyumba nzima ikijaa harufu ya udongo wa mtoni. Hapo, pamoja na uzee wangu huu na magoti yanayolia kila ninapoinuka, narudi kuwa msichana wa darasa la sita. Nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, nimevaa rinda la Jumapili ingawa ni Alhamisi, nasikiliza kama kuna watu njiani.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kanisa letu lilikuwa juu ya kilima, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Giakanja. Lilikuwa la mawe mpaka madirishani na la mbao kutoka hapo kwenda juu, maana mawe yaliisha kabla ya imani. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na Mzee Zakaria, karani wa kanisa, alikigonga kwa nyundo mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaitikia.

Watu wengine walikwenda kanisani kwa ajili ya mahubiri. Mimi, Mungu anisamehe, nilikwenda kwa ajili ya matangazo. Mahubiri yalihusu Wayahudi; matangazo yalituhusu sisi. Mzee Zakaria alifungua kitabu chake cheusi, akakohoa, na wiki nzima ikatandazwa mbele yetu: Jumanne kwaya inafanya mazoezi, Jumatano vijana wabebe mawe kutoka mtoni, Jumamosi kuna harusi ya binti wa fulani, mwenye sufuria kubwa asiifiche. Na katikati ya hayo yote lilikuwepo tangazo nililolingoja huku nimeshika pumzi, lile la Alhamisi. Kila Alhamisi akina mama wa kanisa walikwenda kusali katika nyumba ya mmoja wao, na jina la mwenye nyumba lilisomwa mbele ya watu wote. Mama Gathoni. Mama Kariuki. Mama Muthoni.

Aliyetajwa alisimama. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, ili wasiojua kwake wamwone. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, akatazama kulia na kushoto kana kwamba ameshtukizwa, kisha akaketi akiwa na furaha ya kuonekana. Kutoka hapo nyumba yake ilikuwa mali ya watu wote. Siku yenyewe asubuhi majirani walimletea kuni na maji, na kila mmoja alikuja na kikombe chake, hata nyumba yenye vikombe vitatu ikawa navyo thelathini.

Nyumba yetu ilikuwa na vikombe vitatu. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, kwenye kipande cha shamba chini karibu na mto, ambacho mjomba alimgawia mama ili asimwone mara kwa mara. Baba yangu sikumjua. Niliambiwa alikuwa na kazi Mweiga, na habari zake ziliishia hapo. Hakuna aliyekuja kwetu. Alhamisi jioni tulisikia wimbo wa akina mama ukivuka bonde kutoka nyumba za watu wengine, na mama aliacha jembe, akainua kichwa, akaimba sauti ya pili polepole akiwa peke yake katikati ya mahindi. Sikupenda kumtazama akifanya hivyo. Nilijifanya natafuta ndama.

Kanisani tulikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Lilikuwa benchi la waliotengwa. Aliyekaa pale hakula meza ya Bwana, hakuimba kwaya, wala hakutembelewa. Walikuja walevi, akaja mama aliyepika pombe ya harusi, akaja mzee aliyeoa mke wa pili. Kila mmoja alikaa nasi miezi kadhaa, kisha Jumapili moja akaenda mbele, akasimama, akataja kosa lake na kutubu. Watu waliimba wakampa mkono, na Jumapili iliyofuata alikuwa ameketi mbele huko, na sisi alikuwa ametusahau. Mama yangu pekee hakuhama. Na jambo jingine: wanawake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, lakini yeye aliitwa Wairimu tu, kama msichana ambaye hajazaa. Nilikuwa na maelezo yangu kuhusu hayo yote. Niliamini ni kwa sababu ya vile vikombe.

Basi ikatangazwa kwamba mchungaji mgeni anakuja, Mtaita, asiyejua neno la Kikuyu. Siku hiyo matangazo yangesomwa kwa Kiswahili, na Kiswahili cha Mzee Zakaria kilikuwa cha kununulia sukari. Mwalimu akamwambia kuna msichana mmoja anayesoma vizuri. Jumamosi nikaitwa kanisani.

"Wangeci, chukua hii kitabu," Mzee Zakaria aliniambia, "uandike yote kwa Kiswahili. Usiruke kitu. Na uandike pole pole, mchungaji atataka kuona."

Alitoka kwenda kufyeka nyasi, nami nikabaki peke yangu kwenye kile chumba kidogo chenye harufu ya mafuta ya taa na vitabu vya nyimbo. Niliandika Jumanne, nikaandika Jumatano. Nilipofika Alhamisi, kitabu kilisema Mama Gathoni. Nilikaa nikiitazama karatasi kwa muda mrefu. Utaniuliza nilikuwa nafikiria nini. Nilifikiria hivi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu hutembelewa kwa sababu ameandikwa, na kwamba mama hakuwa amekataliwa na mtu, ila hakuna aliyekumbuka kumwandika. Nikachovya kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: Alhamisi, akina mama watasali kwa Mama Wangeci.

Jumapili nilisimama mbele, kichwa changu kikiwa kimezidi meza kidogo tu. Nilisoma bila kukwama. Nilipotaja Alhamisi sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Nikainua macho, na kule mwisho kabisa, karibu na mlango, nikamwona mama akirekebisha kitambaa chake, kile cha rangi ya bluu kilichochujuka. Akasimama.

Alisimama wima, mikono imetulia mbele, na watu wote wakageuka kumtazama. Sijui alisimama kwa muda gani. Mzee Zakaria alifungua mdomo, lakini mchungaji mgeni, asiyejua lolote, alikuwa ameshatabasamu.

"Asante sana, Mama Wangeci," akasema. "Mungu aibariki nyumba yako."

Nani angembishia mchungaji mbele ya watu? Nikasoma Jumamosi, nikaketi.

Tulipofika mtoni mama akasimama.

"Ni wewe uliandika hiyo jina?"

"Ni mimi, maitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikuyu.

"Mwalimu alikuambia?"

"Hapana."

Alitazama maji kidogo. "Basi itabidi tuchimbe nduma," akasema.

Sijawahi kuona nyumba ikitayarishwa namna ile. Alipaka kuta udongo mweupe, akafagia uwanja mpaka ukabaki na alama za ufagio, akatoa kitambaa cha kufuma kilichokuwa sandukuni tangu ujana wake. Mimi nilihesabu siku. Nilimweleza habari ya vikombe, kwamba asiwe na wasiwasi, vitaletwa, ndiyo desturi. Alinisikiliza bila kunikatiza.

Jumatano, nikitoka kuteka maji, nilikutana na Mzee Zakaria akitoka kwetu, kofia mkononi.

"Uko na mwandiko mzuri sana, wewe msichana," akasema, akashusha pumzi, akapanda kilima. Nilidhani amenisifu.

Nilimkuta mama akiosha nduma, akikata mizizi yake mmoja mmoja.

"Mzee alitaka nini?"

"Alikuja kuuliza kitu."

"Watakuja, maitu?"

Hakuinua kichwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajibu, akachukua nduma nyingine.

Alhamisi asubuhi hakuna aliyeleta kuni. Nikajiambia wataleta mchana. Nilipotoka shule saa tisa nilikimbia njia nzima, nikavaa rinda langu, nikaketi mlangoni. Nduma zilikuwa motoni. Kama saa kumi hivi wimbo ukaanza kule kanisani, ukashuka kilimani pamoja na akina mama, ukaja. Ulikuja kweli! Nilikimbia mpaka kwenye ua wetu wa miti ya miiba, kaiyaba, nikasimama nikishika lango kwa mikono miwili.

Njia ya kwetu iligawanyika hatua chache tu kutoka langoni: mkono mmoja kwetu, mwingine kwa Mama Gathoni. Wimbo ulipofika pale ulinyamaza. Niliona vitambaa vya kichwa vikipita juu ya ua, kimoja nyuma ya kingine. Nikasikia miguu yao, na mtu mmoja akikohoa. Hakuna aliyegeuka kutazama. Walitembea kimya mpaka walipopita shamba letu, ndipo wimbo ukainuka tena upande wa pili.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Alisikiliza. Kisha akaimba sauti ya pili, kwa utulivu kama siku zote, mpaka wimbo ulipotokomea.

"Ingia ndani," akasema. "Chai itapoa."

Alijaza vikombe vyote vitatu. Tulikunywa viwili, na cha tatu kilikaa mezani juu ya kitambaa cha kufuma mpaka kikapoa, wala hakukimwaga mpaka asubuhi. Nduma tulikula hadi Jumapili. Nililia, yeye hakulia, na kwa sababu hakulia nilijua nimemwaibisha kupita kiasi. Niliapa sitasema tena habari ile. Yeye pia hakuitaja. Tuliishi miaka mingi tukipendana, neno hilo likiwa katikati yetu kama mtu wa tatu, nami nilikuwa mpweke mbele yake kuliko nilivyokuwa popote. Nilipopata kazi ya ualimu Wang'uru, nusu ya furaha yangu ilikuwa kwamba ni mbali.

Mama alifariki nikiwa na watoto wawili. Nilirudi nyumbani, na Jumapili karani mpya akafungua kitabu, akasoma kwamba maombi ya msiba yatafanyika kwa Mama Wangeci. Akina mama wakaja. Walileta kuni, wakaleta maji, na kila mmoja alikuja na kikombe chake, mpaka uwanja wetu ukajaa vikombe na nikakosa pa kukanyaga. Nilivitazama kwa hasira. Nasema ukweli, nilitamani kuvipiga teke.

Mzee Zakaria aliongozwa na mjukuu wake akaketi kando yangu. Macho yake yalikuwa yamekwisha.

"Wangeci, niko na kitu yako," akasema. "Nimekaa nayo sana. Unakumbuka ile Jumatano? Wazee walikuwa wamenituma. Nikamwambia, Wairimu, hii si kitu kubwa. Wewe kubali tu kwamba Jumapili utasimama mbele, useme ulikosa, na kesho wamama watakuja. Hata kikombe nitaleta mimi mwenyewe."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, nitubu nini, Mzee? Nikamwambia, si unajua, ile maneno ya kuzaa mtoto bila bwana. Akaniambia, huyo mtoto ndiye ameandika jina yangu. Atakuwa amekaa hapo, ako na masikio, akisikia mama yake akisema yeye ni makosa. Ati hapana." Mzee alipapasa fimbo yake. "Nikamwuliza, sasa hizo nduma ni za nani? Akasema, mtoto wangu amealika watu. Nitapika. Kila mwaka nilikuwa nakuja kumwuliza tena, na kila mwaka ananipa chai."

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, penye magogo ya kuni walizoleta, nikalia kilio ambacho wageni walidhani ni cha msiba.

Kutoka benchi letu hadi mbele ya kanisa ni hatua ishirini, nimezipima mwenyewe. Wote wengine walizipiga. Yeye aliacha meza ya Bwana, akaacha kwaya, akaacha kila mlango wa kijiji, akaimba sauti ya pili peke yake katika mahindi miaka yote ile, ili nisije nikasikia kwamba mimi ni kosa. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, nikiamini ni mambo ya vikombe. Mama, ungeniambia. Ningekwambia simama utubu, mimi sitaumia. Ningekuwa nimedanganya, nawe ungejua.

Siku hizi nachemsha nduma kila Alhamisi. Watoto wangu hawaelewi, maana hawazipendi. Ninazifunika kwa jani la mgomba, naketi kando ya moto, na harufu ile ikipanda ninamwona tena, nikiwa nimesimama mbele na karatasi yangu. Hakuwahi kusimama kanisani ila siku ile moja. Aliitwa Mama Wangeci, akarekebisha kitambaa chake, akasimama.